Paa la Nyumba ya Kale: Kulikarabati au Kuliezeka Upya?

Kwa gharama ya mara moja, ukarabati ndio wenye nafuu. Paa la vigae vya mawe au vya udongo wa kuchoma huweza kudumu zaidi ya miaka 100, na mara nyingi kinachochakaa kwanza si vigae, bali misumari na mabati ya maungio yanayozunguka dohani, ambayo fundi mzoefu anaweza kuyabadilisha bila kugusa sehemu iliyo nzima. Paa likivuja mahali pamoja tu, sioni sababu ya kuling'oa lote.

Kwa upande wa uhakika, kuezeka upya ndiko hushinda, kwa kuwa mbao zote hukaguliwa, zilizooza huondolewa, na matengenezo hupungua kwa miaka mingi. Hata hivyo, vigae vya zege huweza kuwa vizito kuliko vya mawe vilivyotangulia, hivyo kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zipimwe kwanza. Tena, katika mitaa inayolindwa kisheria, kubadilisha aina ya vigae kwa kawaida huhitaji kibali.

Vigae vikimenyeka tabaka kwa tabaka kila upande wa paa, kuviraka ni kupoteza fedha. Mwenye bajeti ndogo anaweza kuanza kuezeka upya mteremko wa paa ulioharibika zaidi, akitumia vigae vizima vinavyotolewa humo kuziba mapengo ya upande mwingine.