Darasa la falsafa la usiku, Malindi ya Zanzibar: shilingi 30,000 kwa wiki 6

Nilijiandikisha kwa hasira. Mtoto wa dada yangu, anayesoma chuo kimoja huko bara, alinipigia simu kunambia somo la falsafa alilolichagua limefutwa kwa kuwa waliojiandikisha hawakutosha, naye kahamishiwa ujasiriamali. Mimi nauza kanga Darajani, mwaka wa 19 huu. Ujasiriamali angekuja kujifunza kwangu bure.

Darasa liko ghorofani, ngazi za mbao, viti vya plastiki, pangaboi moja. Mwalimu ni mstaafu wa skuli, sote tukimwita Maalim. Nilitegemea Wagiriki tangu usiku wa kwanza, yeye akaanza na Imam Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu, mzaliwa wa Tus, Uajemi, mwaka 1058. Jina nalijua tangu chuo cha Kurani kwa bibi, lakini sikuwahi kuambiwa kwamba alifika pahala akayashuku hata macho yake. Kivuli unakiona kimesimama, rudi baadaye, kimesogea. Nyota unaiona kama dinari, na hesabu zinasema ni kubwa kuliko ardhi.

Kesho yake nilichomeka pini kwenye kanga iliyotandazwa barazani, pale kivuli cha bati kilipoishia. Akaja mteja, wale wa kufungua doti ishirini na kununua moja. Alipoondoka, pini iko juani. Nikacheka peke yangu.

Wiki ya tatu kila mtu alitakiwa aje na jina la kanga. Mimi nikaja na "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Maalim akauliza, "Umejuaje?" Muuza samaki mmoja akasema kwa nyoka sawa, lakini kwa binaadamu huo ni mfano tu, si ushahidi. Umeme ukakatika, watu wakaendelea kubishana kwa tochi za simu. Mimi kimya. Miezi miwili nyuma nilimkatalia kazi kijana kwa sababu babake alifungwa, na nilimjibu mamake kwa maneno hayo hayo. Nimempigia kijana juzi. Keshapata kazi duka la jirani, na anauza kunishinda.

Maalim alitusimulia pia Chuo Kikuu cha Middlesex, London. Mwaka 2010 kiliamua kuifunga idara ya falsafa, na ndiyo iliyokuwa na alama za juu kuliko zote chuoni hapo katika tathmini ya utafiti ya 2008. Kituo chake cha uzamili kikahamia Chuo Kikuu cha Kingston, hapo hapo London. Mimi mfanyabiashara, bidhaa isiyotoka naishusha rafuni bila huruma. Lakini kushusha ile inayosifiwa kuliko zote! Ningeomba nione daftari la hesabu.

Kasoro zipo. Saa mbili unusu maana yake saa tatu, na sisi wa Fuoni tukitoka hapo daladala za kubahatisha. Fotokopi hazisomeki. Na habari za Odera Oruka, mwanafalsafa wa Nairobi aliyekwenda kuwahoji wazee wa vijijini kama wanafalsafa kamili, zimepewa dakika 20 za mwisho watu wanatafuta viatu. Hilo lilinikera kuliko ngazi.

Nyota 4 kati ya 5. Awamu ya pili nimeshalipa, nimemlipia na mtoto wa dada yangu, akija likizo asinifundishe ujasiriamali.