Forodhani au Maruhubi?

Mgeni akishuka Unguja na ana nusu siku tu, wengi humpeleka kwenye bustani ya Forodhani, na hawakosei. Bustani inatazamana na Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Ngome Kongwe iko ubavuni pake. Bustani yenyewe ilikarabatiwa na kufunguliwa upya 2009. Jua likishatua, wauzaji huwasha taa na moshi wa mishkaki hutanda. Kuna urojo, juisi ya miwa, na vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani huku watu wakiwashangilia. Uliza bei kabla hujapokea sahani, hasa ya pweza. Utulivu usiutafute hapo.

Maruhubi iko kama kilomita 4 kaskazini ya Mji Mkongwe, na daladala za Bububu zinapita. Barghash huyo huyo alijenga kasri kwa ajili ya masuria wake, likaungua 1899. Zimebaki nguzo nene zilizokuwa zikibeba roshani, pamoja na hamamu, yaani nyumba ya kuogea. Mtu asiyependa magofu atachoka mapema, lakini mimi naona hapa historia inashikika zaidi kuliko pale kwenye msongamano. Ufukwe upo, na vyombo vya mbao hupandishwa mchangani. Maji yakipwa, kuogelea sahau.

Mwenye watoto wenye njaa aende Forodhani. Wa Maruhubi achukue maji yake ya kunywa, na awahi asubuhi.