Mughal-e-Azam: nakala ya zamani au iliyotiwa rangi?

Watazamaji wapendwa, karibuni. Leo ninaichambua Mughal-e-Azam, filamu ya Kihindi ya mwaka 1960 iliyoongozwa na K. Asif, na ninataka kuwasaidia kuchagua kati ya nakala ya awali, ambayo sehemu kubwa yake ni nyeusi na nyeupe, na ile iliyotiwa rangi yote mwaka 2004.

Kisa ni cha kasri la Mfalme Akbar wa dola ya Mughal huko India, ambaye mwanawe Salim, yaani Dilip Kumar, anampenda Anarkali, mcheza ngoma wa kasrini anayeigizwa na Madhubala, hadi baba na mwana wanakabiliana vitani. Wanahistoria wengi wanakihesabu kuwa ni ngano, jambo ambalo haliipunguzii filamu chochote.

Katika nakala ya awali, jicho huwa limekwisha kuzoea vivuli pale Anarkali anapoingia Ukumbi wa Vioo na rangi zikafunguka ghafla. Mbele ya mfalme anaimba, kwa sauti ya Lata Mangeshkar, kwamba aliyependa hana sababu ya kuogopa, na Akbar anapoinua macho anamkuta akizunguka katika kila kipande cha kioo cha dari, asijue atazame wapi ili asimwone. Rangi hapo ni sehemu ya uasi wa binti huyo. Nakala ya 2004, kwa kuwa ina rangi tangu mwanzo, inaufanya wimbo huo uwe mzuri tu, basi.

Hata penzi lenyewe linapendeza zaidi bila rangi. Usiku, wimbo wa Tansen, mwanamuziki wa kasri la Akbar, ukisikika kwa sauti ya Bade Ghulam Ali Khan, Salim anampitishia Anarkali unyoya mweupe usoni, wala hawasemezani. Muziki ni wa Naushad, na mpenzi wa taarab ya Mombasa hatauona mgeni, maana taarab hiyo imeazima mahadhi mengi ya filamu za Kihindi.

Kasoro zipo: vita vinachosha, na Prithviraj Kapoor, aliye Akbar, hunguruma kana kwamba yuko jukwaani, ingawa mimi ngurumo hiyo naipenda.

Chagueni nakala ya awali, lakini hakikisheni kwanza kwamba ina tafsiri iliyoandikwa chini ya picha, kwa sababu mazungumzo yake ni Kiurdu cha kishairi, na filamu inazidi saa tatu.