Roland TR-08: uzoefu wangu na mashine iliyonifundisha elektro kwa vidole

Ukipenda elektro, ile fanki ya mashine iliyoibuka New York, Detroit na Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 1980, nakushauri uitafute TR-08 kabla ya kutafuta kitabu chochote cha historia yake. Mimi natengeneza biti nyumbani, na hakuna kifaa kingine kilichonifungua masikio namna hii.

TR-08 ilitoka mwaka 2017. Roland, kampuni ya Kijapani ya vyombo vya muziki, waliiunda kuwa toleo dogo la TR-808, mashine ya kupanga midundo ya ngoma waliyoanza kuiuza 1980. Upana wake unazidi kidogo sentimita 30. Inatumia betri nne za AA au waya wa USB, kwa hiyo umeme ukikatika kazi inaendelea. Mbele kuna vitufe 16 vya rangi nne, vyekundu, vya machungwa, vya njano na vyeupe, vyote katika mstari mmoja. Unachagua sauti, unabonyeza pale unapotaka ilie, mashine inazunguka kutoka kitufe cha 1 hadi cha 16 na kurudi mwanzo. Ndani ya saa moja utakuwa umeshaizoea.

Jaribu hivi. Weka tempo karibu na mapigo 127 kwa dakika. Kiki, yaani ngoma kubwa ya besi, iweke kwenye 1, 5, 9 na 13: hiyo ni disko, mguu unagonga sakafu kila pigo. Sasa ifute. Bakisha kiki kwenye 1, ongeza nyingine kwenye 7, halafu snea, ngoma yenye mlio mkali, kwenye 5 na 13. Ghafla kuna shimo katikati ya mdundo, na mwili wenyewe unataka kuliziba. Shimo hilo ndilo fanki. Nimesoma mengi kuhusu namna elektro ilivyoachana na disko, lakini sikuwahi kuelewa kama nilivyoelewa siku nilipohamisha kiki ile kwa kidole changu. Jaza haihati, zile sahani za matoazi, kwenye vitufe vyote, tupia makofi na ile kengele ya ng'ombe, na uko New York ya 1982.

Mwaka huo ndipo ilipotoka "Planet Rock" ya Afrika Bambaataa na Soulsonic Force, chini ya lebo ya Tommy Boy. Prodyuza wake, Arthur Baker, hakuwa na TR-808, au 808 kwa kifupi. Alimpata kwa tangazo la gazetini mtu aliyekuwa nayo, na mtu huyo akaja studio kuwapangia mdundo kwa malipo ya dola 20. Walitaka mapigo yanayofuata "Numbers" ya Kraftwerk, kundi la Wajerumani wa Düsseldorf, na juu yake John Robie akapiga kinanda chenye melodi ya "Trans-Europe Express", wimbo wao wa 1977. Vijana weusi wa Bronx, New York, walisikia katika mashine za Wajerumani fanki ambayo wengi hawakuisikia. Wala halikuwa jambo la kushangaza, kwa sababu fanki ilikuwa imeshaanza kuelekea huko: mwaka huohuo wa 1977 Bernie Worrell wa kundi la fanki la Parliament alipiga besi ya "Flash Light" kwa sinthesaiza, kinanda cha kielektroniki, si kwa gitaa, na 1980 kundi la Zapp la Roger Troutman likaimba kwa sauti iliyopitishwa kwenye bomba la mpira hadi mdomoni ikatoka kama roboti. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema elektro ni mtoto wa Ulaya. Mapigo yalipita Düsseldorf, lakini nyonga zilikuwa za Wamarekani weusi.

Tuje kwenye sauti, maana hapo ndipo pesa yako inapokwenda. TR-808 haikuwa na ngoma hata moja iliyorekodiwa. Kila mlio ulizalishwa na saketi za umeme. Mshindani wake wa wakati huo, Linn LM-1, ilikuwa na ngoma halisi ndani yake na bei yake ilikaribia dola 5,000, wakati 808 iliuzwa dola 1,195. Wapiga muziki wengi waliotaka ngoma halisi waliidharau. Roland wakasimamisha uzalishaji 1983, baada ya mashine kama 12,000 tu. Sababu nyingine inanifurahisha kila nikiikumbuka: mlio ule wenye mchakacho ulitokana na transista, vile vipande vidogo vya kielektroniki, zilizokataliwa viwandani kwa kuwa na kasoro, ambazo mwanzilishi wa Roland, Ikutaro Kakehashi, alizinunua makusudi. Watengenezaji walipoboresha kazi yao, transista mbovu zikakosekana, na 808 haikuwezekana tena. Zilizobaki zikaishia kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, kwa bei ambayo kijana asiye na kitu aliweza kuimudu. Leo 808 ya asili ni maelfu ya dola.

TR-08 haina transista hizo. Inaiga tabia ya saketi zile kidijitali. Kwa masikio yangu, kiki iko sawasawa: ukiongeza urefu wake inaacha ule mkia mrefu wa besi unaosikika kifuani. Makofi nayo yamekaa vizuri sana. Ila usiihukumu kwa spika yake ndogo ya ndani, haikuumbwa kubeba besi hiyo. Unganisha na spika za maana au hedifoni nzuri ndipo utoe maoni.

Baada ya kupanga mdundo wa elektro, shusha tempo, punguza kila kitu, acha nafasi. Sasa unasikia upande ambao mwimbaji Marvin Gaye aliugundua alipokuwa Ostend, Ubelgiji, akitengeneza "Sexual Healing", nayo ya 1982. Mashine ileile, mwaka uleule, na inanong'ona.

Kutoka hapo njia zinagawanyika. Juan Atkins na Rik Davis, chini ya jina Cybotron, walikuwa na elektro yao Detroit, na wimbo wao "Clear" wa 1983 ni mlango wa kuingilia tekno. Los Angeles kuna Egyptian Lover, ambaye mpaka leo hupanda jukwaani na 808. Miami waliirefusha kiki wakapata besi yao, na besi hiyo ikavuka hadi Rio de Janeiro ikazaa fanki ya huko. Lakini waliokaa moyoni mwangu ni Drexciya, James Stinson na Gerald Donald wa Detroit. Miaka ya 1990, elektro ikionekana imepitwa, wao waliishika na kuijengea hekaya: watu wanaoishi chini ya bahari ya Atlantiki, wazao wa wanawake wajawazito wa Kiafrika waliotupwa baharini kutoka meli za watumwa. Stinson alifariki 2002. Sijui muziki mwingine wa mashine uliobeba maombolezo mazito namna hiyo na bado ukachezeka. Ninapopanga mapigo ya kasi kwa mtindo wao, huwa nayaacha yazunguke kwa muda mrefu bila kugusa kitu.

Yako mambo ya kujua kabla ya kununua. Vinobu, vile vya kuzungusha, ni vidogo na vimekaribiana, mwenye vidole vinene atahitaji subira. 808 ya asili ilikuwa na tundu la kutolea sauti kwa kila ngoma. Hii ina tundu dogo moja la stereo. Dawa yake ni USB, kwani waya mmoja unapeleka kila ngoma kwenye kompyuta katika njia yake, na mimi hurekodi hivyo siku zote. Kama umezoea kupanga biti kwa kipanya na unataka mamia ya sauti, haitakufaa. Hapa sauti ni chache na ndizo hizo.

Nilinunua yangu ikiwa imetumika. Ukifanya hivyo, bonyeza vitufe vyote 16 mbele ya muuzaji uone kama taa zote zinawaka, zungusha kila kinobu ukisikiliza kama kuna mkwaruzo, na uwe na waya wa USB unaopitisha data, maana ule wa kuchajia simu peke yake hautaifikisha sauti kwenye kompyuta.