Miezi saba na OpenCore Legacy Patcher kwenye MacBook ya 2012

Fundi mmoja pale Luthuli, mtaa wa Nairobi wenye maduka ya vifaa vya umeme, aliigeuzageuza MacBook Pro yangu ya inchi 13, toleo la katikati ya 2012, akanirudishia. "Mwalimu, hii imeshaachwa. Uza, uongeze pesa, uchukue nyingine."

Nilitoka pale nimekasirika. Kioo ni kizima, kibodi ni nzima, nilishaitia SSD (diski ya kasi) na kumbukumbu ya GB 16. Kilichoikwamisha ni mfumo tu. Apple waliifikisha kwenye Catalina, toleo la macOS la 2019, na masasisho ya usalama ya Catalina yalikoma 2022. Chrome nayo ikaiacha 2024. Kompyuta hii iliendelea kuuzwa ikiwa mpya hadi 2016! Mzazi anayejinyima kumnunulia mtoto kompyuta hastahili kuambiwa aitupe wakati bado inawaka vizuri.

Ndipo nikaijaribu OpenCore Legacy Patcher. Ni programu ya bure inayoiwezesha Mac iliyoachwa na Apple kuendesha macOS mpya zaidi, inatengenezwa na watu wa mradi wa Dortania, na inapatikana kwenye ukurasa wao wa GitHub. Ukikutana na mtu anayekuuzia, mpite.

Nilichagua Sonoma, macOS ya 2023. Programu yenyewe ndiyo iliyopakua mfumo, karibu GB 13, kwa hiyo niliiacha ifanye kazi usiku kucha. Ikaandika mfumo kwenye flashi ya GB 32, kisha nikaiambia iweke humo humo OpenCore, ile sehemu inayoiwasha Mac ya zamani kwa mfumo mpya. Asubuhi nikawasha kompyuta huku nimebonyeza kitufe cha Option, nikachagua EFI Boot, halafu kisakinishi. Kuanzia hapo ni kusubiri, na mashine kujizima na kujiwasha mara kadhaa. Kabla ya yote haya nilikuwa nimenakili mitihani na maandalio yangu yote ya somo kwenye diski ya nje. Hatua hiyo usiiruke hata kama una haraka ya namna gani.

Ilipowaka, moyo ulinishuka. Dirisha likiburutwa linajikokota, na Wi-Fi haionekani kabisa. Nilidhani nimeiua. Kumbe ndivyo inavyokuwa kabla ya kutiwa viraka, yaani vipande vya programu vinavyorudisha kilichoondolewa: Apple waliondoa programu za kuendesha kadi ya picha ya Intel HD 4000 tangu Monterey, na za Wi-Fi ya mashine hizi tangu Sonoma. Nikachomeka kebo ya mtandao kwenye ruta (mashine hii bado ina tundu lake, nashukuru), nikafungua programu ile, nikabonyeza sehemu ya viraka, nikawasha upya. Dirisha likateleza. Wi-Fi ikarudi. Nilimwita mke wangu aje aone.

Tangu siku hiyo natunga mitihani, nahariri sauti za masomo ya fasihi simulizi, na Chrome inasasishwa kama kawaida. Mikutano ya video huipasha joto na feni hupiga kelele. Kwa hiyo natumia simu.

Ila kuna kazi ambayo hukuwa nayo zamani. Kila sasisho la mfumo hufuta viraka, nawe unavitia upya. Nimezima masasisho ya kujiendesha, nasasisha Jumamosi tu, nikiwa na muda. Pia viraka hivi hulazimu kulegeza sehemu ya ulinzi wa macOS, kwa hiyo mambo ya benki siyafanyii hapa. Kama kompyuta ni moja ofisini na kazi inatakiwa kesho, usiiguse wiki hiyo.

Halafu njia hii ina kikomo. Apple wametangaza kwamba Tahoe, macOS 26, ndiyo ya mwisho kwa kompyuta za Intel. Mimi sina shida na hilo. Nikipata miaka mingine miwili, mitatu kwenye mashine niliyokwisha kuilipia, nimepata.

Flashi ile sijaifuta. Siku kompyuta ikikataa kuwaka baada ya sasisho, mlango wa kuingilia ni huo, kwa hiyo iko kwenye droo pamoja na kebo ya mtandao.