Peleti kwenye boti ya stimu: uzoefu wangu baada ya msimu mzima

Nianze na hukumu, ili asiye na muda aondoke mapema. Seti ya kichomeo cha peleti (punje za vumbi la mbao lililoshindiliwa) niliyoifunga kwenye boila ya boti yangu ya stimu, yaani ya mvuke, inafanya kazi, nimemaliza nayo msimu mzima, na hela yangu siijutii. Ila aliyeniuzia aliniambia ni kazi ya Jumamosi moja. Mimi ilinila Jumamosi tisa na unyusi wa jicho la kushoto.

Boti yenyewe ni ya mbao, mita 6.5, injini ya stimu ya silinda mbili, boila ya kusimama yenye mabomba ya moto, presha ya kazi bar 7. Inakaa Windermere, kaskazini mwa Uingereza. Ndilo ziwa la asili kubwa kuliko yote England, kilomita 17 hivi kwa urefu, na mtoto wa Kigoma akilitazama anatafuta lilikoanzia ziwa lenyewe. Nimekua nikiiona Liemba pale bandarini. Nayo ilikuwa meli ya stimu hadi miaka ya 1970 walipoifunga dizeli, kwa hiyo mimi niliikuta ikinuka mafuta tu, na nadhani ugonjwa wangu wa stimu ulianzia kwenye hadithi za wazee waliowahi kuichochea.

Kwa miaka nilichoma makaa ya mawe ya Wales. Aliyewahi kuyatumia anajua: moshi kidogo, moto mkali, unatupia koleo moja unakaa unazungumza na wageni wako. Mgodi wa Ffos-y-fran kule Merthyr Tydfil ukafungwa mwishoni mwa Novemba 2023, na tangu hapo muuzaji wangu akawa ananiletea leo hiki kesho kile, mara makaa yanayotoa moshi mweusi, mara vidonge vya unga wa makaa vinavyonuka kiberiti. Watu wenye hoteli kando ya maji wakaanza kunikodolea macho. Kuni nilijaribu, zinawaka vizuri, lakini kwenye boti ndogo ama upakie kuni ama upakie watu. Kilichonipa moyo ni jirani zetu wa ziwa Coniston. Wana Gondola, stima ya abiria iliyojengwa upya mwaka 1980 kwa mfano wa ile ya 1859, nayo iliachana na makaa ya mawe ikahamia kwenye magogo ya vumbi la mbao lililoshindiliwa. Nikasema kama vumbi la mbao linasukuma Gondola, langu si kitu.

Kabla ya kununua chochote nilifanya ujinga wa bure, nauweka hapa ili usiurudie. Nilikata bati, nikalitoboa matundu, nikalilaza juu ya fito za kuchomea makaa, nikamwaga peleti kwa koleo kama ninavyomwaga makaa. Dakika tano za kwanza moto ulikuwa wa kupendeza. Nikaongeza koleo la pili. Peleti zina unene wa milimita 6, zinajipanga zikashikana kama mahindi kwenye gunia, hewa haipiti. Moto ukazama chini yake, moshi mzito wa rangi ya maziwa ukajaa ndani ya jiko la boila, halafu ukawaka wote kwa mpigo mmoja mlango ukiwa wazi na mimi nikiwa nachungulia. Huo ndio unyusi.

Baadaye nilielewa kosa. Makaa ya Wales karibu yote ni kaboni, yanawaka pale pale yalipolala. Mbao ni kinyume: ukiipasha moto, sehemu yake kubwa, zaidi ya robo tatu, inageuka gesi kwanza, na gesi hiyo ndiyo inayowaka, juu, hewani. Kwa hiyo hewa ya kupita chini ya moto haitoshi, unahitaji hewa ya pili ya kuikuta gesi juu, na nafasi ya mwali kumaliza kuwaka kabla haujaingia kwenye mabomba. Boila ya kusimama ina nafasi finyu sana hapo. Mwali ukiingia kwenye bomba lililozungukwa na maji unapoa, unazimika nusu njia, na kinachobaki ni masizi.

Basi nikanunua seti. Karakana naiacha bila jina, kwa sababu nusu ya malalamiko yangu tulishayamaliza kwa simu. Nilipokea kikombe cha kuchomea cha chuma cha pua chenye matundu ya hewa chini na pembeni, feni ndogo, parafujo ya kulishia peleti yenye mota ya volti 12, sanduku la kubeba kilo 20, bomba laini la kuunganisha parafujo na kikombe, na kisanduku cha kurekebisha kasi ya feni na ya parafujo. Paundi 780 hadi mlangoni. Vyuma vimechomelewa kwa mkono wa mtu anayejua kazi, na kila nati ilikuja na mwenzake wa akiba, jambo ambalo sijaliona tangu nianze kununua vitu kwa posta.

Kilichoniuma ni kwamba seti hii ilitengenezwa kwa ajili ya boila ya maji moto ya nyumbani. Imeandikwa kilowati 35, na ni kweli inazitoa. Lakini boila ya nyumbani inapasha maji tu na karibu joto lote linatumika. Boti yangu, ukihesabu joto linaloondoka na dohani na lile linalotupwa ziwani kupitia kondensa (kifaa kinachopoza stimu iwe maji tena), inaifikishia rafadha, yaani propela, kama asilimia 5 ya moto wote. Kwa mwendo wa kawaida, noti 5 (kilomita 9 hivi kwa saa), kilowati 35 zinatosha kwa kubana. Nikifungua stimu yote, geji inaanza kushuka kutoka 7, na baada ya dakika kumi niko kwenye 5 naomba gati lisogee. Nilimuuliza muuzaji mapema, tena kwa maandishi, kama inatosha. Alijibu inatosha "kwa boti ndogo". Sawa, boti ni ndogo kweli.

Kuifunga nilisaidiwa na kaka wa mke wangu, fundi wa kuchomelea, anayeishi Leeds. Alipoona kile kikombe akacheka: "Shem, hii ni meli au jiko la vitumbua?" Ila kazi aliifanya. Tulikubaliana jambo moja tangu mwanzo: boila haitobolewi hata tundu moja la msumari. Kichomeo chote kinaingia kupitia mlango wa moto, kimeshikwa na bamba lililofungwa kwa bolti nne pale pale ulipokaa mlango wa zamani. Mkaguzi wa boila alipokuja aliuliza hilo kabla hajavua koti, na bima nao walitaka karatasi yake. Kama yako ni ya kukata chuma, zungumza na mkaguzi wako kwanza, msumeno baadaye.

Safari ya kwanza, kutoka Bowness kuelekea Ambleside, ilikuwa raha tupu kwa nusu saa. Stimu ilipanda kwa dakika 40 badala ya saa nzima. Dohani haikuonyesha chochote ila joto linalotetemesha milima ya upande wa pili. Halafu fyuzi ya feni ikakatika.

Hapa nisimulie polepole. Injini yangu inarudisha stimu kwenye kondensa, hairushi dohanini kama garimoshi, na dohani ni fupi. Mvuto wa hewa ni mdogo mno. Feni ilipokufa moto haukufa. Ulitafuta njia nyingine, ukaiona: bomba la kulishia. Nilichokiona mimi ni uzi wa moshi ukitoka kwenye mfuniko wa sanduku la peleti, mahali ambapo moshi hauna shughuli. Nikazima parafujo. Sekunde chache baadaye lile bomba laini likalegea, likajikunja kama tambi, likakatika, na vipande vyekundu vya peleti vikamwagika kwenye sakafu ya mbao. Shem alivimwagia ndoo ya maji ya ziwa kabla sijamaliza kutukana.

Nilimpigia muuzaji nikiwa nimepandisha. Akanisikiliza, akaniambia bomba limefanya kazi yake: limetengenezwa kwa plastiki ili moto ukirudi nyuma liyeyuke, njia ikatike, sanduku lisiwake. Nilinyamaza, maana ni kweli, na ni akili nzuri. Ila nyumbani linayeyukia kwenye sakafu ya saruji. Kwenye boti linayeyukia kwenye boti! Hilo kijitabu chake hakikulisema popote. Alinitumia bomba jingine bure, na sasa chini yake kuna trei ya chuma yenye kingo, juu kuna kilango cha kuteleza ninachokifunga kwa mkono, na waya wa feni una taa ndogo nyekundu mbele ya macho yangu. Kwa maoni yangu vitu hivyo vitatu vilipaswa kuja kwenye boksi.

Jumamosi nyingine tatu zilikwenda kwenye hewa ya pili. Tuliongeza pete ya bomba la chuma lenye matundu juu ya kikombe, ikavuta hewa kutoka feni ile ile. Masizi yakapungua waziwazi. Zamani nilipiga burashi kwenye mabomba kila baada ya safari mbili, sasa baada ya tano au sita.

Matumizi, maana najua ndiyo mnayoyatafuta. Makaa yalikuwa yanakwenda kilo 4 kwa saa, peleti ni kilo 7, kwa sababu kilo ya peleti ina joto kama nusu tu ya kilo ya makaa mazuri. Mfuko wa kilo 15 unanitoa mwisho mmoja wa ziwa hadi mwingine na unabaki wa kurudi kidogo. Majivu ya siku nzima yanaingia kwenye kopo la maziwa. Nunua zenye alama ya ubora ya ENplus A1, ambazo majivu yake hayazidi asilimia 0.7. Nilijaribu za bei nafuu mara moja, kikombe kikaganda donge la kioo cheusi, nikalibandua kwa tindo.

Kinachonifurahisha kuliko nilivyotegemea ni kuzima. Moto wa makaa haujui kwamba umefika gati, unaendelea kuchemsha na valvu ya usalama inawapigia watalii kelele masikioni. Peleti ukikata ulishaji, dakika chache moto umeisha. Upande wa pili wa sarafu hiyo: parafujo ikikwama katikati ya ziwa, nayo dakika chache tu umeisha.

Na itakwama, maji yakigusa. Julai mfuniko ulivuja mvua ya usiku mmoja. Asubuhi peleti za juu zilikuwa zimevimba zikawa uji wa pumba, na chini, ndani ya parafujo, uji umekauka ukawa kama ubao. Niliutoa kwa bisibisi na kijiko cha jikoni, saa mbili na nusu, magoti kwenye maji machafu. Sasa siachi peleti ndani ya sanduku nikiondoka. Mifuko nayo siiweki kwenye kabati lililofungwa au kibanda kisicho na hewa, kwa sababu peleti zikikaa kwa wingi mahali palipozibwa hutoa kaboni monoksidi, na gesi hiyo haina harufu ya kukuonya.

Kelele? Feni inavuma. Injini ya stimu uzuri wake ni ukimya, na mwaka mzima nimekuwa nikisikia kitu kama mashine ya kukaushia nywele nyuma ya kisigino. Mke wangu anasema haisikii. Mimi naisikia.

Naipa nyota tatu na nusu. Mwenye boti ya kutembea taratibu, anayelala nyumbani na kufunika boti yake vizuri, anunue. Mwenye kupenda mbio angoje watoe ya kilowati 50, na akipiga simu aulize trei na kilango. Fito zangu za makaa ziko chini ya kiti cha nyuma pamoja na nusu gunia la mwisho la Wales, na bolti ni zile zile nne. Agosti, siku ya upepo wa kusini, nilizirudisha kwa ajili ya safari moja, nikafungua stimu yote, na feni ikiwa mezani nyumbani.