Walinibadilishia stata nzima, ubovu ulikuwa kwenye waya wa ethi

Nimesubiri majuma kadhaa nikitumaini kwamba hasira itapoa ndipo niandike, lakini kila asubuhi nikigeuza ufunguo inanirudia upya, kwa hiyo naandika nikiwa nayo. Ninaizungumzia gereji moja ya hapa Dar es Salaam, ambayo sitaitaja jina kwa sababu nitakayoieleza huko mbele, niliyoipelekea Corolla 110 yangu ilipoanza kugoma kuwaka. Ni gari la namba A, yaani la usajili wa zamani, nimelitunza kwa miaka mingi, na ndilo linalonitoa Kigamboni kila siku ya kazi kunipeleka shule ninayofundisha Fizikia. Nalitaja somo langu kwa makusudi, kwa maana lilitumika kunitukania.

Tatizo lilianza polepole, mvua za vuli zilipokuwa zinaanza. Asubuhi stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, ilizunguka kwa uvivu, lakini injini ilishika. Mchana, gari likiwa limeshapata joto, niligeuza ufunguo nikasikia “tak” moja chini ya boneti, kisha kimya. Nikisubiri kama nusu saa, linawaka. Katika hali zote hizo taa za mbele ziling'aa vizuri na hazikufifia sana nilipopiga stata. Kwa anayeelewa umeme wa gari, dalili hii ya mwisho ina uzito mkubwa, kwa sababu betri ikiwa imechoka taa hufifia au huzima kabisa pindi stata inapodai umeme wake. Zikibaki zinang'aa huku stata inasuasua, umeme upo, ila kuna mahali unazuiliwa: kabla haujaifikia stata, ndani ya stata yenyewe, au baada ya kutoka kwake kurudi kwenye betri kupitia waya unaoitwa ethi.

Siku iliyonimaliza uvumilivu nilikuwa ndani ya pantoni nikitokea Magogoni kurudi nyumbani. Nilikuwa nimezima injini kama kawaida, na kivuko kilipogusa upande wa Kigamboni na mlango kushushwa, niligeuza ufunguo nikapata ile “tak” yangu. Nyuma yangu kulikuwa na bajaji, lori dogo la mchanga na daladala moja, na wote walianza kupiga honi kwa pamoja. Gari langu ni la otomatiki, hivyo kulisukuma hakuliwashi, kunaliondoa tu njiani. Vijana watatu walishuka kwenye bodaboda zao wakaanza kusukuma, na mama mmoja aliyekuwa ametoka kununua samaki Feri aliweka beseni lake chini, akafunga khanga kiunoni vizuri, akaja kusaidia kwenye boneti ya nyuma, huku watu wakivuka pembeni yake na maji ya samaki yakimwagika sakafuni. Sikupata hata nafasi ya kumshukuru ipasavyo. Nilikaa pembeni ya barabara kwa nusu saa nikiwa na madaftari ya wanafunzi mapajani, kisha gari likawaka kana kwamba hakukutokea kitu. Kesho yake nililipeleka gereji moja kwa moja.

Fundi mkuu aligeuza ufunguo mara moja, akasema, “Betri.” Hakupima. Nilinunua betri mpya palepale kwake kwa shilingi 180,000, na baada ya siku tatu nilikuwa nimesimama tena mbele yake. Akasema, “Basi ni stata.” Hapo ndipo nilipomwuliza kwa adabu kama hatuwezi kwanza kupima volti wakati stata inazunguka, kwa kuwa multimita, kifaa cha kupimia umeme, niliiona imening'inia msumarini ukutani, imejaa vumbi, na nikamweleza habari ya taa zisizofifia. Alicheka, akawageukia mafundi wenzake ili nao wasikie, akanijibu, “Mama, gari limezeeka hilo. Namba A unategemea nini? Hizo hesabu za darasani waachie wanafunzi wako.”

Jibu hilo ndilo ninaloliandikia haya yote. Nimefundisha karibu miaka ishirini, nimezoea kuulizwa maswali na watoto wa miaka kumi na minne, na sijawahi kumjibu hata mmoja wao kwamba swali lake halistahili kupimwa. Zaidi ya hapo, “limezeeka” si jina la ubovu. Gari likizeeka huzeeka mahali fulani: makaa ya stata (vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani yake) yanaisha, bushi zinalegea, shaba ndani ya waya inaliwa, mpira wa paipu ya mafuta unapasuka, plagi zinaungua ncha. Kila kimoja kina dalili zake na kila kimoja kinapimika kwa vifaa visivyo ghali. Fundi anayesema gari limezeeka amekiri kwamba hajatafuta, na huku akikiri hivyo anakudai fedha.

Nilikubali stata ibadilishwe. Hilo najilaumu, ila nilikuwa nimechoka na nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Aliniletea stata ya mtumba aliyosema imetoka Shaurimoyo, akaifunga, nikalipa. Stata yangu niliyokuja nayo ilikuwa imewekwa makaa mapya na bushi mpya mwaka uliopita na fundi mwingine, ambaye aliipaka mstari wa rangi ya bluu ili isije ikachanganywa na za watu wengine. Nilimwambia hivyo. Alisema, “Sawa mama, utaikuta.”

Gari likatulia siku mbili tatu. Halafu mchana mmoja, katika uwanja wa shule, “tak”.

Niliporudi kwa mara ya tatu aliweka ufunguo kwenye swichi bila kupiga stata, akategesha sikio nyuma ya gari, akatangaza kwamba haisikii pampu ya mafuta ikivuma na kwa hiyo pampu imekufa. Nieleze hapa kwa faida ya wenye magari kama langu, kwa sababu wengi wanauziwa pampu kwa kipimo hiki. Katika Toyota nyingi za miaka ile, pampu haivumi ukifungua swichi tu. Inaanza kufanya kazi pale stata inapozunguka, na huendelea injini ikishashika. Ukimya ule ulikuwa wa kawaida kabisa. Na hata bila kujua hilo, ilitosha kufikiri kidogo: pampu mbovu inaweza kuifanya injini izungushwe na stata bila kushika, lakini haiwezi kuizuia stata yenyewe isizunguke. Nilikataa. Akanyanyua mabega, akaenda kunywa chai.

Sasa nifike kwenye sababu ya kutoitaja gereji. Nilipokuwa natoka getini, kijana mmoja anayejifunza kazi pale, ambaye hajafikisha hata miaka ishirini, alinifuata akijifanya anakagua tairi. Alisema, “Shikamoo mwalimu. Usinunue pampu kwanza. Likigoma tena, chukua nyaya za kubusti betri, ule mweusi bana kwenye kichwa hasi cha betri, upande wa pili bana kwenye chuma cha injini kisichokuwa na rangi, halafu piga stata. Likizunguka vizuri, ujue ni ethi.” Nilimwitikia marahaba, na nikamwuliza kwa nini hakusema mbele ya mkubwa wake. Aliangalia chini tu. Nikitaja jina la mahali pale, wa kwanza kufukuzwa atakuwa yeye.

Nilifanya alivyosema jioni ileile, gari likiwa la moto, nyumbani kwangu. Stata ilizunguka kwa nguvu ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwaka uliopita, na injini ikashika kabla sijamaliza kugeuza ufunguo. Nikazima, nikatoa waya, nikajaribu tena: “tak”. Nikarudisha waya: likawaka. Nilirudia mara tatu peke yangu pale uani, na sikuona aibu kutokwa na machozi.

Asubuhi yake nililipeleka kwa mzee mmoja fundi umeme anayefanyia kazi chini ya mkorosho karibu na kwetu, mwenye meza moja na boksi la spana. Nilimwamkia, nikamweleza, naye akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Alipima betri gari likiwa limezimwa: volti 12.6, betri nzima. Gari likiwa linaunguruma: volti 14, oltaneta inayochaji betri nayo nzima. Tukaliacha lipate joto. Kisha akaweka ncha moja ya multimita kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Kati ya sehemu hizo mbili, ambazo zimeunganishwa kwa waya mnene na hazitakiwi kutofautiana hata kwa nusu volti, multimita ilisoma volti 4. Yaani theluthi ya umeme wa betri ilikuwa inapotelea njiani, na stata ilikuwa inajaribu kuzungusha injini kwa mabaki.

“Weka mkono hapa, mwanangu,” aliniambia, akinionyesha mahali waya ule mweusi unapofungwa kwenye gia boksi. Nikagusa, nikautoa mkono haraka, kwa kuwa palikuwa pa moto kama kikombe cha chai iliyomiminwa sasa hivi. Nilipiga hesabu zile zile nilizoambiwa niwaachie wanafunzi: volti 4 mara ampia 100, ambazo stata ya gari dogo huzidai bila shida, ni wati 400 zinazogeuka joto kwenye kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba. Na joto lenyewe huzidisha ukinzani, ndiyo maana mchana gari liligoma na asubuhi liliwaka. Aliufungua waya, akaukwangua mpira wake kwa kisu karibu na mwisho. Ndani, pale nilipotarajia kuona shaba nyekundu, palikuwa na unga wa kijani. Nyuzi chache tu ndizo zilizobaki zimeshikana, nyingine zilikatika alipozipinda kwa kidole. Alisema ni kawaida kwa magari yanayolala karibu na bahari, hewa ya chumvi huingia pale waya unapobanwa na kula ndani kwa ndani, wakati nje mpira unabaki mzima. Ndiyo maana taa ziling'aa muda wote: zina njia yao nyingine ya ethi kupitia bodi, na kiasi cha umeme zinachotumia ni kidogo.

Aliweka waya mpya, akausugua msasa mahali pa kufungia mpaka chuma kikang'aa, akapima tena. Multimita ilisoma 0.1. Kazi yote haikufika saa moja, na alinitoza shilingi 20,000 pamoja na waya.

Sasa, kuhusu ile gereji. Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba mtu asikanyage pale. Kisha nikafikiri kwamba nisiwaonee. Betri waliyoniuzia ni nzuri, na ile ya zamani pengine ingenifikisha mwakani tu. Walinipokea kila niliporudi, hawakunifukuza, na kazi ya kufunga stata yenyewe waliifanya kwa usafi, bolti zote zimekaa. Wana yule kijana, na mahali penye kijana wa namna ile hapajaharibika pote. Kwa mtu anayetaka kubadilishiwa breki au mafuta ya injini, sidhani kama nina haki ya kumzuia asiende. Ningefikia kusema kwamba fundi mkuu alikosea kama binadamu yeyote anavyoweza kukosea, na kwamba maneno yake yalikuwa ya mtu aliyechoka na kazi za siku nzima.

Lakini kuna stata yangu. Nilirudi kuichukua, kwa kuwa sasa ilikuwa wazi kwamba haikuwa na kosa lolote. Fundi mkuu alisema vyuma chakavu vimeshachukuliwa. Nikamkumbusha kwamba haikuwa chakavu, ilikuwa na makaa ya mwaka mmoja, na kwamba aliniahidi nitaikuta. Akasema, “Mama, stata zote zinafanana.” Nilipomwomba nipite nitazame kwenye rafu ya nyuma ambako niliona stata nne au tano zimepangwa, alisimama mlangoni na hakuondoka. Wala sikumwambia kwamba tatizo lilikuwa waya wa ethi, kwa sababu nilijua ningemponza kijana. Nilisimama pale nikimtazama, naye akawa anafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, mpaka nikaondoka mimi.

Kwa hiyo nafuta yale niliyoyasema kuhusu uchovu. Aliyenijibu vibaya ningemsamehe, lakini aliyesimama mlangoni alijua anachokifanya. Gari linawaka sasa kwa mguso mmoja, asubuhi na mchana, hata ndani ya kivuko, ila stata ya mtumba hukwaruza kidogo kabla ya kushika, mkwaruzo ambao yangu haikuwa nao. Kama aliye pale anasoma haya, alama ya rangi ya bluu ipo upande wa chini, karibu na tundu la bolti ndefu. Naihitaji. Nitakuja Jumamosi, na safari hii nitakuja na risiti za makaa na bushi.